Niliandika Tano, Mume Aliyeniacha Akasaini

Admin nifiche, Kigoma ndogo hii. Nina miaka 37, mzaliwa wa Ujiji, naishi Gungu na wanangu wawili, nauza samaki aina ya migebuka pale sokoni Katonga. Na gofu nacheza. Ndiyo, gofu, mkicheka shauri yenu.

Aliyenifundisha ni aliyekuwa mume wangu, mwalimu wa gofu kwenye kiwanja kimoja cha huku ziwani. Kushika fimbo, kuzungusha kiuno, kutoinua kichwa kabla mpira haujaondoka, yote kwake. Mwaka juzi nikamshinda kwenye mashindano. Hendikapu yake ilikuwa tisa, yangu ishirini na nne, yaani mimi niliye dhaifu napunguziwa mapigo mengi zaidi ili tulingane. Ndiyo sheria, na yeye ndiye aliyenieleza. Lakini alisimama mbele ya watu, mama yangu akiwepo, akasema, "Huyu amebebwa. Muuza samaki hawezi kunishinda mimi." Watu wakacheka, mama akainamisha kichwa. Mwezi haukuisha akaniandikia talaka, eti nimemvunjia heshima.

Jumamosi iliyopita, raundi ya kwanza ya mashindano ya mwaka huu, tukapangwa kucheza pamoja. Kwenye gofu hujiandikii mwenyewe, mwenzako ndiye anaandika mapigo yako kwenye kadi, mwisho mnaisaini wote wawili. Shimo la saba mpira wake ukaingia ziwani, akaongezewa pigo la adhabu, akamaliza kwa sita. Mimi nikaandika tano. Kusudi kabisa. Najua kwa kiburi chake huwa hasomi kadi, na ukisaini mapigo pungufu unafutwa mashindanoni. Nilitaka aitwe mwizi mbele ya watu walewale.

Akasaini. Sasa anaongoza, mimi wa pili, tumepishana pigo moja tu. Raundi ya mwisho ni Jumamosi hii. Nilishapanga kwenda kwa kamati niseme niliandika vibaya kwa bahati mbaya, wamfute.

Jana akanitumia ujumbe: "Mama Rehema, ile tano niliiona kabla sijasaini. Asante kwa kunisitiri. Najua moyo wako bado uko kwangu."

Jamani, nimelia kwa hasira. Kumbe aliona, akasaini hivyohivyo! Halafu mtu aliyemwaibisha mama yangu anadhani nampenda. Mapenzi gani, mimi namtakia fedheha mchana kweupe.

Ujumbe ninao kwenye simu. Nikiupeleka kwa kamati anaaibika, lakini nami natolewa, maana hilo neno 'kunisitiri' linaonyesha nilidanganya makusudi, na kombe hili najua naliweza. Nikienda bila ujumbe kama nilivyopanga, atajitetea kuwa nilimsitiri kwa kupenda, yaleyale. Nikinyamaza nikamshinda kiwanjani, kombe ni langu, ila yeye atazunguka Ujiji nzima akijisifu kwamba nilimsitiri kwa sababu bado namtaka. Hilo ndilo linaloniua.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya lipi? Nasoma kila komenti. Anayetaka kuniambia nisamehe apite tu, kwa leo sina nafasi hiyo.