Furu wa Bwana Afya

Nilipoolewa, miaka ile ya utawala wa Mwingereza, mume wangu alikuwa bwana afya mjini Bukoba. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akimwaga maji yaliyotuama, mbu wasizaliane. Lakini nyumbani kwetu, Ijuganyondo, alifuga viluwiluwi vya mbu ndani ya debe, akalifunika kwa kipande cha chandarua. Vilikuwa chakula cha samaki wake.

Samaki mwenyewe alikuwa furu, yule mdogo wa kwenye mawe ya ziwani tunayemwita enkeje. Alikaa sebuleni, ndani ya sanduku la kioo aliloachiwa mume wangu na Mzungu mmoja aliyehamishwa. Nikipita tu, alijichomeka kati ya mawe. Mume wangu akivuta kigoda na kumnong'oneza, alichungulia, kisha akatoka. Nami niko jikoni namenya ndizi, nasikia sauti laini ambayo sikuwahi kuongeleshwa nayo.

Siku moja alirudi kutoka Kemondo na furu wa pili, dume la buluu.

"Nimemletea mwenzake," alisema. "Peke yake anaona upweke."

Mimi nilitolewa Kimwani kwa mama na dada zangu, nikaletwa kwenye nyumba ya watu wawili.

"Na mimi je?"

"Wewe una nini?" Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Chakula nilimpakulia kikiwa kimepoa.

Baadaye alikwenda Muleba kikazi, akaniachia debe niwalishe samaki. Nikaona yule wa kwanza, jike, hagusi chakula, na kidevu kimevimba kama kina jipu. Nikaogopa: atasema nimemuua kwa wivu. Basi nikawa nakaa pale kila nilipobandika chungu, nikimtazama. Dume lilimfukuza huku na huku. Nikalichota kwa kata, nikalitia kwenye ndoo.

Jike akatulia. Siku iliyofuata alitoka mwenyewe, akasogea mbele yangu, akafungua mdomo. Kumbe alikuwa amewabeba humo: watoto wakamwagika kama punje za ulezi.

"Mawe!" nilipiga kelele, nikimwita mama kwa Kihaya. Wote wakarudi mdomoni mbio. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Mume wangu aliporudi, aliinamia kioo kabla hata hatujasalimiana. Jike akajificha.

"Amekuwaje?"

"Sogea kidogo, waitu. Anakuogopa," nilisema, nikimwita kwa neno letu la heshima.

Nilikaa kwenye kigoda, nikaweka kidole kwenye kioo. Alitoka, akawaachilia watoto wake. Mume wangu alisimama nyuma yangu.

"Kwangu hakuwahi kufanya hivyo," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa.

"Hukumwona alivyoteseka."

"Nipishe basi, nami nikae."

"Ngoja nimalize."

Alingoja. Kisha akaleta kiti, akakaa kando yangu, akaanza kuniuliza yote niliyoyaona alipokuwa safarini. Nilimweleza nusu. Nusu iliyobaki sikumpa.