Barua Niliyomwandikia Gavana

Kibali cha kutoka Blacktown nilikipata nikiwa nimekaa chooni. Haki ya Mungu. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2021, serikali ya jimbo imetufungia sisi watu wa magharibi ya Sydney ndani ya mipaka ya halmashauri zetu, na mtu wa kazi kama yangu ya kutunza wazee alitakiwa awe na karatasi kwenye simu ndipo avuke kwenda kazini Parramatta. Nikajaza jina, nikajaza kazi, nikabonyeza. Dakika nne tu. Niliiangalia karatasi ile nikalia kwa hasira mpaka binti yangu akagonga mlango, akaniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, aende akasome.

Mwaka mmoja kabla ya hapo baba yangu alihitaji karatasi kama hiyo, ya kuvuka mpaka wa jimbo huko India. Hakuipata kwa wakati, na aliyemkosesha ni mimi. Mbele za watu nimelisema jambo hili vizuri vizuri, ati ni korona, ati ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuandika barua ile. Niliiandika mimi.

Baba alipelekwa India kutibiwa figo, kama wengi wa kwetu wanavyopelekwa mambo yakishindikana nyumbani, na mdogo wangu wa kiume akamsindikiza. Daktari wa huko alikuwa ameshasema dawa zimefika mwisho, mzee arudishwe kwake akapumzike, wakati nchi nzima ilipofungwa. Ndege hakuna, treni hakuna, na kila mpaka wa jimbo una polisi. Wakakwama katika nyumba ya wageni karibu na hospitali, baba kitandani, mdogo wangu akimkorogea uji kwenye sufuria ya umeme.

Baba alitaka kitu kimoja tu. Alitaka afie nyumbani, azikwe kando ya mama yake. Mimi nimebeba jina la huyo mama yake, kwa hiyo tangu utotoni aliniita Mama, na alinipigia simu akaniambia, "Mama, nitoe huku."

Ikatangazwa ndege maalumu ya kuwarudisha Wakenya baada ya wiki tatu. Lakini ingeondokea mji mwingine, jimbo jingine, karibu siku mbili kwa gari. Viti viwili tulipata. Kilichobaki ni kibali cha kuvuka mpaka.

Mdogo wangu akapiga simu. "Dada, mwenye nyumba anasema kibali kinatoka kwa Kalekta."

"Kalekta wa nini? Kwani mnadaiwa?"

"Sijui. Anasema ofisi ya Kalekta iko hapa hapa mjini, niende tu."

"Wewe achana na makalekta. Hao ni watu wa kodi, watakuzungusha bure. Jambo kubwa linapelekwa kwa mkubwa."

Ndivyo nilivyo. Mimi ni kifungua mimba, tena niko ng'ambo, na vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja, nyumba nzima haipumui. Mdogo wangu amezoea kuninyamazia tangu akiwa na kamasi puani. Akaninyamazia na siku hiyo.

Nikafungua kompyuta nikatafuta mkubwa wa jimbo lile anaitwa nani. Jibu likaja: Gavana. Wee! Nilisikia raha. Gavana si namjua? Kwetu gavana ndiye kila kitu. Ana bajeti, ana hospitali, ana msafara wa magari, na ukiwa na mtu wako ofisini kwake shida yako imeisha. Nikaandika kurasa mbili za Kiingereza kilichonyooka, nikaambatisha ripoti za daktari na tiketi, nikaanza na "Mheshimiwa Gavana" na kumalizia na baraka. Kisha nikatangaza kwenye kundi la familia kwamba jambo limefika juu.

Sasa, baba alikuwa karani katika ofisi ya DC miaka yake yote ya kazi. DC alikuwa mkuu wa wilaya, mtu wa serikali kuu, na bila sahihi yake hakuna kilichosogea. Katiba mpya ilipoleta magavana, hao DC wakabadilishwa majina, lakini baba hakukubali hata siku moja. Kila kitu kilipoharibika alisema, "Enzi za DC ungeona." Aliposikia habari ya barua yangu akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, pumzi fupi fupi: "Mama, gavana yuko mbali. Tafuta DC wao. Pale alipopita Mwingereza, DC hakosekani." Kundi zima likamcheka, mzee na DC wake.

Jibu la Gavana lilikuja siku ya tisa, na nembo ya simba juu. Mheshimiwa ameguswa na hali ya mgonjwa, na barua imepelekwa kwa serikali ya jimbo kwa hatua zifaazo. Nikalirusha kundini. Vigelegele! Mjomba aliandika Amina mara saba. Hakuna aliyeuliza, na mimi mwenye kisomo sikuuliza, kama huyu ndiye gavana, hiyo serikali ya jimbo anayoipelekea barua ni ipi tena?

Nikamwambia mdogo wangu atulie. Akatulia. Siku zikaenda mpaka zikabaki sita kabla ya ndege.

Kazini kulikuwa na nesi kutoka jimbo lile lile. Nilijua tangu mwanzo. Ila tulikuwa tumenuniana tangu kabla ya korona kwa ajili ya mikrowevu ya kupashia chakula, yeye na samaki wake, mimi na mdomo wangu. Wiki mbili nzima nilimpita mlangoni na baba yangu anakufa mjini kwao, kisa samaki. Siku hiyo nikameza kiburi. Tukakaa chumba cha mapumziko, meza mbili mbalimbali kama ilivyoamriwa, tukipaaza sauti kupitia barakoa. Nikamwonyesha jibu la Gavana kwenye simu.

Alilisoma, hakucheka. Akararua kifuniko cha boksi la glavu, akatoa kalamu.

Juu kabisa akachora duara. "Huyu ni Gavana wako. Anateuliwa na Rais, hachaguliwi. Anaapisha watu, anatia sahihi, anasoma hotuba aliyoandikiwa." Pembeni akachora duara kubwa zaidi. "Wananchi wanachagua wabunge wa jimbo. Chama chenye wengi kinatoa Waziri Kiongozi. Serikali ni yake, na mawaziri ni wake." Akashusha mstari. "Mawaziri wanapita. Ofisi zinaendeshwa na makatibu, na juu ya makatibu wote kuna Katibu Mkuu." Kisha chini akachora visanduku vidogo vingi mpaka kadibodi ikajaa. "Hizi ni wilaya. Kila wilaya ina mtu mmoja. Ardhi, mafuriko, maradhi, amri za barabarani, vibali, vyote viko kwake."

"Huyo anaitwaje?"

"Kalekta."

"Kalekta wa nini?" nikauliza, lakini sauti haikuwa ile niliyomfokea nayo mdogo wangu.

"Zamani aliwakusanyia Waingereza kodi ya ardhi. Kodi si kazi yake kubwa tena, jina limebaki. Kwenu huko nadhani walimwita DC."

Jameni. Jameni!

"Barua yako haijapotea," akasema, akinionea huruma, na huruma yake iliniuma kuliko samaki wote duniani. "Inashuka. Kwa Waziri Kiongozi, kwa Katibu Mkuu, kwa katibu wa idara, mpaka kwa Kalekta. Ila inashuka pole pole. Kwani hukujua? Hata jimbo letu hili la New South Wales lina Gavana."

Nilijua. Nilikariri habari hizo kwa ajili ya mtihani wa uraia na sikukosa hata swali moja. Kila siku saa tano asubuhi nilimtazama Premia, yaani Waziri Kiongozi wa huku, kwenye televisheni akitufungia na kutufungulia, na sikuwahi kujiuliza gavana wake yuko wapi.

Nikampigia mdogo wangu pale pale. "Kesho asubuhi nenda kwa Kalekta. Kimbia!" Na hapo ningenyamaza. Lakini mimi na mdomo wangu, nikaongeza, "Na ubebe ile barua ya Gavana, waone sisi si watu wa mchezo."

Ofisi ilikuwa mtaa wa pili. Aliingia, akajaza fomu, karani akaipokea vizuri, akamwambia vibali vya wagonjwa vinatoka ndani ya siku mbili. Ndipo mdogo wangu, mtiifu wangu, akatoa barua ya Gavana. Karani akaisoma, akasimama, akaenda kumwonyesha bosi wake. Aliporudi, fomu ilikuwa imewekwa kando. Alisema kwa adabu sana kwamba jambo hili liko juu, na wao wa chini hawawezi kuligusa mpaka faili lenyewe lishuke. Mdogo wangu alibembeleza mpaka wakafunga ofisi. Alirudi kesho yake na kesho kutwa, wakamwambia maneno yale yale.

Ndege iliondoka na viti viwili vitupu.

Baba alifariki siku ya tisa baada ya ndege. Alizikwa huko huko, kwenye makaburi ya Wakristo, na mdogo wangu na wanaume wanne wasiomjua, wamevaa plastiki nyeupe. Mimi nilitazama kwenye simu ndani ya gari, nje ya kazi, na shifti ilipoanza nikaingia kuogesha baba za watu wengine.

Siku kumi na moja baadaye kibali kikafika. Watu wawili, gari moja, sababu ni ugonjwa, sahihi ya Kalekta. Faili lilikuwa limeshuka ngazi zote, moja baada ya nyingine, kama nilivyochorewa.

Mdogo wangu hajawahi kunilaumu, na ningependa siku moja anitukane. Nyumbani wanamsema Gavana, ati ana roho mbaya, na mimi nawaacha waseme. Ile sauti ya baba bado iko kwenye kundi, nikipandisha juu naikuta: tafuta DC wao. Chini yake kuna jibu langu, nililolituma nikingoja treni stesheni ya Blacktown: "Baba wacha ya kale, DC walishakufa," na nyuso tatu za njano zinazocheka mpaka machozi yanatoka.