Shimo Chini ya Tanuri la Piza

Restora yetu ni ya Kiitalia, na Waitalia wote wa familia yetu walizaliwa Sandoa. Mke wangu alijifunza upishi jikoni kwa padri mmoja Mwitalia, mzee aliyevumilia mengi katika nchi hii isipokuwa makaroni yaliyoiva kupita kiasi. Aliporudi kwao alituachia baraka yake na mashine ya kukata tambi. Baraka tuliitumia siku hiyohiyo, mashine ikangoja mpaka nilipostaafu. Hapo tuliondoa makochi sebuleni, katika nyumba yetu ya Dilala, hapa Kolwezi, tukapanga meza, na mdogo wangu akatujengea tanuri la matofali kwenye ukuta wa nyuma. Namshukuru Mungu: nyumba hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wetu, na hatuna nyingine.

Madereva wa malori kutoka migodi ya Fungurume walikula spageti kama mboga, kisha wakauliza bukari, yaani ugali, iko wapi. Mke wangu aliwapa. Kwa Mwitalia wa Sandoa hilo si dhambi.

Kisha Mungu, ambaye hapendi watu wake wastarehe sana, akamjalia mdogo wangu hamu ya usafi. Alikaa kwenye chumba cha nyuma, kando ya tanuri. Asubuhi moja nilimkuta na sururu.

"Yaya, mi nachimba choo," akasema; kwetu yaya ni kaka mkubwa.

"Choo tunacho."

"Hii ni ya bageni, yaya. Restora ya bazungu inakuwaka na choo ya bageni."

Nani atamzuia ndugu mwenye moyo kama huo? Alichimba ndani ya chumba chake, mlango umefungwa, jambo nililolihesabu kuwa adabu. Choo kikawa kirefu, wakaja wanaume wawili wenye taa kichwani kumsaidia. Mifuko ya unga ambayo mke wangu alikwisha kuitumia ilitoka mlango wa nyuma ikiwa mizito kuliko ilivyoingia. Mchana wateja walisikia kitu kinagonga chini ya meza zao.

"Tata, njo nini hiyo?" dereva mmoja aliniuliza.

"Choo cha wageni."

Akaitazama sakafu, akanitazama mimi. "Aksanti Mungu, mi si mugeni," akasema, akahamisha sahani yake karibu na mlango.

Mtaa mzima ulijua kinachotafutwa, na mimi pia. Kanisani tulifundishwa kujenga nyumba juu ya mwamba. Hatukufundishwa la kufanya mwamba ukiwa na kobalti. Tena, kumwita ndugu yako mwizi ni kazi ya baraza la familia, na baraza letu lazima litoke Sandoa, likipata usafiri.

Kabla halijapata, tanuri liliinama. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Piza ziliteleza zote upande mmoja, na ufa ukapanda ukutani mpaka chini ya paa. Mke wangu akaufungua ule mlango wa adabu. Shimo lilishuka, kisha likakata kona kuelekea tanuri.

"Shemeji, hii choo inaenda wapi? Zambia?"

"Mama, usikasirike. Mali yote iko chini ya tanuri. Tuibomoe tu, kisha tutajenga restora kubwa, ya ghorofa."

"Juu ya nini?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Lakini sururu hakuiweka chini, na mvua zilikuwa karibu. Mvua moja nzuri ingemaliza ukuta, tanuri na mimi. Nikashauri tusali. Mke wangu alisali huku akiweka sufuria motoni. Tanuri halikutumika tena, kwa hiyo ilikuwa spageti kutwa, na spageti inataka maji mengi. Aliyaacha yapoe, maana ni Mkristo, akaenda kwenye shimo akaita, "Bote ba kule chini, mupande!" Walipokwisha kupanda, akamwaga. Alifanya hivyo kila sufuria, mpaka msaidizi mmoja akajikung'uta, akamwambia mdogo wangu, "Patron, mi ni mukrezeri wa kuchimba mawe, si samaki." Wakaondoka wote wawili.

"Sasa rudisha udongo," nikamwambia ndugu yangu.

"Yaya, iliisha."

"Mawe najua uliyauza. Nauliza udongo."

"Nilichanganya mu mifuko, ipate kilo."

Hivyo, katika mji ambao kila mtu anauza ardhi yake, sisi tukanunua ardhi. Mwenye lori alisimama barabarani akicheka. "Tata, unataka udongo ya namna gani?"

"Usio na kitu ndani."

"Hapa Kolwezi? Hiyo itanisumbua kupata."

Aliupata, na mke wangu alikagua kila toroli. Penye rangi ya kijani ya madini hata kidogo, alirudisha. Mdogo wangu alishindilia kwa miguu yake mwenyewe, kutwa nzima, sisi tukimwimbia tenzi za rohoni ili asichoke. Mvua ilinyesha wiki hiyohiyo. Ukuta ulisimama.