Ubao Aliokumbatia Baba

Juzi nilikwenda kupiga picha ya kifua. Kijana wa eksirei akaniambia, "Mama, kumbatia ubao, mabega mbele." Nikacheka, maana nilimkumbuka baba.

Nilikuwa mtoto mdogo, naye alikuwa akikohoa tangu wakati wa palizi. Alinipakia kwenye keria ya baiskeli kutoka Kabungu hadi hospitali mjini Mpanda, nami nikamshika kiuno njia nzima. Chumba cha picha kilinuka dawa kali kama siki, na nje jenereta ilinguruma. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango, nikamsikia mpiga picha akimwambia baba:

"Mzee, kidevu juu. Kumbatia. Mabega mbele. Vuta pumzi, usipumue!"

Na baba, ambaye nyumbani hakuwahi kumkumbatia mtu, akaukumbatia ule ubao.

Leo najua kwamba mabega yakienda mbele, mifupa bapa ya mgongoni huyapisha mapafu yaonekane. Siku ile niliamini ni maneno yale yaliyomweza baba. Alipotoka akifunga vifungo vya shati, nikasimama mbele yake.

"Baba, kidevu juu. Kumbatia."

Akaangalia huku na huku, kisha akainama. Kifua chake kilikoroma sikioni mwangu, nami nikabana pumzi, nisije nikaharibu picha.