Singleti Iliyokuwa Inangoja Mjomba

Yule mama aliniambia nichukue kaptula, nichukue na viatu, lakini singleti nimwachie. Mimi nikakataa. Nikamwambia vyote vitatu, au sinunui kitu. Kama ningeruhusiwa kurudia siku moja tu ya maisha yangu, nisingechagua siku ya harusi yangu. Ningerudi pale kando ya soko la Butembo, nimwachie singleti yake, niende zangu.

Mtasema mzee ameanza kuota. Semeni. Mimi sinywi pombe, nimesoma mpaka nikamaliza sekondari kwa mapadri, na hadithi za mizimu nilikuwa nazicheka. Halafu niliyoyaona sikuyaona usiku. Niliyaona asubuhi, kumekucha, mama wa mashamba wakiwa wameshatoka na majembe yao.

Kwanza mjue kwa nini karani wa ghala la kahawa, mtu wa kukaa kitini kutwa, alitaka kujifunza kukimbia. Ilikuwa wakati wa vita. Tulikuwa tumetoka Beni mimi, mke wangu Kavira na binti yetu Masika, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne. Siku risasi zilipoanza kulia Beni, nilimbeba Masika nikakimbia. Hata kilometa moja sikuimaliza. Kifua kiliwaka moto, magoti yakalegea, nikakaa chini katikati ya barabara watu wakiniruka. Kavira alirudi, akanipokonya mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge.

“Papa Masika,” akaniambia, “simama ao ubaki.”

Akakimbia yeye. Mimi niliwafikia baadaye sana, nikiwa nimeshika mbavu, na wanawake waliokuwa wamepumzika kando ya njia walinitazama bila kusema neno. Je, kuna matusi makubwa kuliko hayo?

Tulipopata nyumba ya mabanzi Butembo, upande wa barabara ya Musienene, nilimwapia Kavira kwamba haitatokea tena. Nikamwamuru, naam, nilimwamuru: “Risasi zikilia na mimi siko nyumbani, usitoke na mutoto. Uningoje. Nitakuja kumubeba mimi.” Aliniangalia, kisha akasema, “Sawa, nitakungoja.” Kavira hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Sasa, kukimbia mjini siku zile halikuwa jambo la kuamka tu na kukimbia. Mtu anayekimbia amevaa suruali na shati ni mwizi, au ni mpelelezi. Lakini mwenye kaptula, singleti na viatu vya mpira ni sportif, na askari wa bariere, vile vizuizi vya barabarani, humwacha apite. Ndiyo maana nguo zilikuwa kazi ya kwanza, kabla hata ya miguu. Nikamwomba Kasereka, fundi cherehani jirani yangu, anisindikize kwenye mitumba, maana yeye nguo anazijua kwa vidole.

Kasereka alinifundisha mengi siku ile, na mengine mpaka leo naona ni ya kweli. Niliinua fulana moja nzito ya pamba, akaninyang'anya.

“Hii itakunywa jasho yote. Utarudia nyumbani umebeba ndoo ya maji kwa mugongo.”

Niliinua kaptula ya kijani. “Kijani? Unataka bakufikirie muasi? Weka chini!” Nyingine alinigeuzia ndani nje, akanionyesha mshono wa katikati ya mapaja, mnene kama kamba. “Na hii utatembea kama bata wiki muzima, Kavira atakuuliza ulikuwa wapi.” Wauzaji walicheka. Kuhusu viatu alisema niache nafasi ya kidole gumba mbele, na nisidanganyike na rangi, niangalie soli. Lakini viatu vya soli nzuri vilinishinda bei. Tulizunguka mpaka adhuhuri, mikono mitupu.

Ndipo nikamwona yule mama. Alikuwa ameketi peke yake mbele ya duka lililofungwa, nje kidogo ya soko. Mbele yake alikuwa ametandika kitenge, na juu yake vitu vitatu tu: viatu vya kukimbilia, soli karibu mpya, kaptula nyeusi nyepesi, na singleti nyekundu. Nilipima kiatu. Kilinienea kana kwamba nilipimwa mguu, na bei aliyotaja ilikuwa ya kutupa.

Kasereka alichukua singleti, akainusa, akairudisha polepole.

“Hii hapana ya balo,” akaninong'oneza, yaani haikutoka kwenye robota la mitumba. “Nguo ya balo inanukia dawa. Hii inanukia sabuni. Na angalia namna imekunjwa.”

Nilikuwa nimeshaona. Katika ukoo wetu, na koo nyingi za kwetu, mtu akifa nguo zake hufuliwa, hukunjwa mikono ikiwa ndani, hufungwa kwa ganda la mgomba na kuwekwa. Hakuna anayezigusa mpaka siku ya kumaliza matanga, mjomba wa marehemu anapokuja kuzigawa kwa mkono wake. Singleti ile ilikuwa bado na ganda la mgomba.

Mama hakutuficha kitu. “Ni za mutoto yangu,” akasema. “Alikuwa anakimbia kila asubui. Siku moja nilifua singleti, mvua ikanyesha, haikukauka. Akatoka kifua wazi. Kwa bariere bakasema ni muizi anakimbia.” Akaligusa lile ganda la mgomba. “Matanga hatujamaliza. Mujomba yake ako Kayna, na njia imefungwa. Njaa ndiyo imenitoa huku. Basi, papa, beba viatu na kaptula. Singleti uniachie. Mujomba akifika, hapana anikute mikono mutupu.”

Kasereka alirudi nyuma hatua mbili. “Mimi sigusi tena,” akasema. “Ndugu yangu, twende.”

Mimi je? Nilifikiri kuhusu bariere. Bila singleti, kaptula ina faida gani? Nami nilijua mama mwenye njaa hawezi kuniacha niondoke. Kwa hiyo nilivua kiatu, nikakiweka chini, nikajifanya ninaondoka. Hatua ya tano akaniita. Alinipa singleti bila kunitazama, na ganda la mgomba akalibakiza mkononi mwake.

Kavira nilimwambia nimenunua mitumba.

Asubuhi za kwanza zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nilikimbia kutoka nyumbani, nikapita bariere, nikaenda hadi kwenye miti ya kalitusi na kurudi. Mara ya kwanza nilitembea zaidi ya kukimbia. Askari mmoja, kijana mrefu, alinipungia mkono na kusema kwa Kilingala, “Sportif, leka!” yaani pita. Nikapita kama mtu mkubwa. Baada ya wiki mbili nilikuwa nafika kwenye kalitusi bila kusimama.

Kisha asubuhi moja ya ukungu, ule ukungu wa kwetu unaoshuka mpaka barabarani, yule askari mrefu aliniambia, “Eh, sportif! Leo muko babili?”

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

“Anapita wapi mwenzako?” akauliza, akitazama nyuma yangu. “Ule wa kifua wazi. Umuambie avae, ako natetemeka.”

Niaminini, nilitaka kusimama pale pale. Lakini ukisimama ghafla mbele ya askari utaulizwa maswali, kwa hiyo niliendelea. Na nilipoingia ukunguni nikamsikia. Miguu mitupu juu ya tope, hatua kwa hatua na zangu. Nikienda mbio, naye mbio. Nikipunguza, naye anapunguza. Nilitazama kando.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mwembamba, mkimbiaji kweli. Ngozi ya kifua ilikuwa imesimama vipele kwa baridi. Pumzi yangu ilitoka kama moshi, maana asubuhi za Butembo ni za baridi. Yake haikutoka. Kinywa kilikuwa wazi, meno yanagongana, na hakuna mvuke wowote. Chini ya titi la kushoto palikuwa na kitu ambacho sitakieleza.

“Jambo, papa,” akasema kwa adabu, kama kijana yeyote wa kwetu anavyomwamkia mkubwa. “Baridi iko mingi.”

Nikaongeza mwendo.

“Unipatie singleti yangu, papa. Naenda kupita bariere.”

Alisema hivyo tu. Hakunikamata, hakupiga kelele. Na niwaambie, adabu yake ndiyo ilinitisha kuliko kitu chochote. Ningeweza kuivua pale. Ni jambo la kuinua mikono miwili! Lakini nilifikiri: nikiivua, mimi nitarudije? Nikageuka na kukimbia kuelekea nyumbani, na sauti ile ikanifuata mpaka karibu na bariere: “Papa. Papa. Baridi.”

Siku nne sikutoka. Nilikuwa na siku nne za kumtafuta yule mama na kumrudishia kitu chake. Sikumtafuta. Niliona aibu, tena nilimwogopa Kasereka, kwamba ataniambia, “Nilikukataza.” Siku ya tano Masika alinivuta kidole, akasema, “Papa, leo hapana ukimbie?” Nikaona aibu nyingine, kubwa kuliko ile. Nikavaa.

Nilikuwa nimefika kwenye kalitusi risasi zilipolia mjini. Mwanzoni chache, kisha nyingi, kisha vile vishindo vizito ambavyo huvisikii kwa masikio bali kwa tumbo. Niligeuka. Hii ndiyo siku niliyojitayarishia, nikajiambia. Pumzi ninayo. Miguu ninayo.

Yeye alikuwa amesimama katikati ya barabara.

“Papa,” akasema, meno yakigongana, “leo unipatie.”

Niliivua ikachanika begani, nikaitupa, nikampita. Nilipompita baridi iliniingia upande wa kulia kama nimeingizwa mtoni, na upande huo mpaka leo haujapata joto. Muulizeni yeyote anayenisalimia kwa mkono. Nikakimbia kifua wazi. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, wala sikuchoka. Mpaka kwenye kona ya mwisho, nilipoiona bariere.

Askari walikuwa wamelala nyuma ya magogo, wanapiga risasi kila upande. Niliitazama kaptula yangu, nikakitazama kifua changu. Ndipo nikaelewa yule kijana aliona nini asubuhi yake ya mwisho. Nikajitupa kwenye shamba la viazi kando ya njia, nikalala kati ya matuta, uso kwenye udongo.

Nikiwa pale nikasikia miguu mitupu. Niliinua kichwa kidogo tu. Alipita katikati ya barabara, hana haraka, singleti nyekundu mwilini, begani imechanika. Risasi zilikuwa zinalia. Yule askari mrefu aliinua mkono wake kutoka nyuma ya gogo, nikamsikia kwa masikio haya: “Sportif, leka!” Naye akapita. Akaingia kwenye moshi wa mji, sikumwona tena.

Mimi sikuinuka. Nilibaki katika viazi mpaka milio ikaisha, na jua lilikuwa limeshapanda. Kutoka pale hadi mlangoni kwangu, kwa mbio zangu za wakati ule, ilikuwa dakika sita au saba.

Baadaye, barabara ya kusini, ile ya Kayna, ilipofunguliwa, nilimtafuta yule mama. Nilikuwa nimejiandaa kueleza yote. Hakunipa nafasi. Mjomba alikuwa amefika kutoka Kayna, wamekaa chini na ukoo mzima, na yule mama aliniuliza tu, “Papa, umeileta?” Sikuwa na kitu cha kumpa. Aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani kuwaambia.

Ninyi mnaoanza kukimbia siku hizi, nawaona asubuhi, na ni vizuri. Nunueni mitumba, hakuna aibu. Angalieni mshono, angalieni soli. Lakini mkikuta kitu kizuri kwa bei ya chini kuliko inavyostahili, ulizeni ni cha nani. Na mwenye kitu akiwaambia, “Hiki uniachie,” mwachieni. Msihesabu njaa yake kuwa bahati yenu.

Kavira aliningoja, kama nilivyomwamuru. Majirani wote walikimbia. Walimwita, akawajibu kwamba mume wake anakuja kumbeba mtoto. Alikuwa ameketi mlangoni, mizigo imefungwa, Masika mgongoni kwake. Risasi ilipita kwenye ubao wa ukuta wa nyuma. Kavira haikumgusa. Tulimzika Masika kesho yake, na matanga yalipokwisha Kavira alirudi kwao, kijijini Masereka, wala hakuishi tena na mimi. Sikumlaumu. Mtoto wangu alikufa akiningoja, na mimi nilikuwa mzima, nimelala katika shamba la viazi.