Nyota Alizoziunganisha Mama

Mama alipoletwa nyumbani kwangu Mpanda, madaktari walikuwa wameshatuambia tumtunze tu. Kansa ilikuwa imefika mbali. Kaka yangu alitaka arudi Mishamo, kwenye nyumba yake, lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu na hospitali na dawa zake za maumivu. Nikampa chumba changu, mimi na binti yangu tukahamia sebuleni.

Nafundisha sayansi katika shule ya msingi huko Kasokola. Kwenye simu yangu nilikuwa na gemu ya nyota niliyoipakua kwa ajili ya darasa la sita. Ni gemu ya taratibu, haina adui wala saa ya kukukimbiza. Unaona anga, unagusa nyota moja, unavuta mstari hadi nyingine. Ukimaliza kundinyota zima, picha yake inajitokeza polepole, mnyama au mtu, na sauti ya mwanamke inataja jina. Ukikosea, mstari unafifia tu na unaanza tena.

Alasiri moja nilikuwa naandaa somo pembeni ya kitanda chake.

"Nini hicho?" akauliza.

"Nyota, mama."

"Mchana huu?"

Nikamwekea simu mkononi. Mama hakuwahi kusoma. Wazazi wake walikimbia Burundi akiwa msichana mdogo, na maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa jembe, mahindi na maharage. Kidole chake kilikuwa kigumu hata kioo cha simu hakikukisikia vizuri, ikabidi abonyeze mara mbili mbili. Nyota za kwanza alizozitambua ni Kilimia. "Hizi tulizitazama kabla ya kupanda," akasema, akaziunganisha bila kuniuliza.

Tangu siku hiyo, nikirudi kazini alininyooshea mkono kabla sijavua viatu. "Lete shule yangu." Alimjua nge kwa mkia wake. Alimpata mwindaji, akashangaa: "Mwindaji gani huyu asiye na mbwa?" Siku mbili baadaye akampata mbwa, pembeni kidogo tu, akacheka mpaka akaanza kukohoa.

Wakati mwingine nilimpa dawa na ikachelewa kufanya kazi. Hapo alicheza huku jasho likimtoka, mistari ikienda kombo. Gemu ilimsubiri. Nadhani hicho ndicho alichokipenda, kwamba kwa mara ya kwanza hakuna aliyemharakisha. Mimi mwenyewe nilimharakisha. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na ujumbe wa mwalimu mkuu wa kujibu, na mara nyingi nilimnyang'anya simu katikati ya mnyama.

Jumamosi moja asubuhi nilimwonyesha sehemu ambayo mchezaji anatengeneza kundinyota lake mwenyewe. Alichukua muda mrefu. Aliziacha nyota zote kubwa, akachagua tano ndogo zilizobanana, ambazo nilikuwa sijaziona.

"Hizo hazionekani vizuri, mama. Chukua hizi zinazong'aa."

"Alikuwa mdogo," akasema. "Mpe ndogo."

Kisha akaniambia niandike jina. Lilikuwa jina la kike ambalo kwetu hakuna aliyewahi kupewa. Nikamuuliza ni nani.

"Dada yenu."

Alinieleza akitazama simu, sio mimi. Kabla ya kaka, yeye na baba walikuwa na mtoto. Walipofika Mishamo, kwenye makazi mapya ya wakimbizi, palikuwa msitu, watu wakilala kwenye mahema huku wakikata miti ya kujengea. Surua ikapita. Walimzika nyuma ya hema, na baba akamwomba wasimtaje tena ili waanze upya. Baadaye wakagawiwa kiwanja sehemu nyingine, na pale nyuma ya hema pakawa shamba la mtu.

"Na ukamnyamazia miaka yote hii?"

"Sikunyamaza, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kirundi. " Sikuwa na wa kumwambia." Akanirudishia simu. "Usimwambie kaka yako. Amezoea kuwa wa kwanza."

Alifariki wiki tatu baada ya hapo, asubuhi, nikiwa darasani.

Tulimpeleka Mishamo. Asubuhi ya mazishi kaka alikuwa amekaa barazani akiandika wasifu wa marehemu, maana yeye ndiye angeusoma kanisani. Nilisimama nyuma yake, nikaona alipoandika: ameacha watoto wanne. Nikajiambia ni kweli, ameacha wanne. Kisha nikaona mstari wa juu: alijaliwa kuzaa watoto wanne. Hapo nikashindwa.

"Kaka, ni watano."

Nikamwambia yote, nikijua navunja neno la mama kabla hajaingia kaburini. Aliweka kalamu chini.

"Mimi ndiye wa kwanza," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja jina lake.

Akamwita mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa jikoni na wanawake wenzake. Mama mdogo alisikiliza, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akakaa chini.

"Nilikuwa nambeba mgongoni," akasema. "Alikuwa ameanza kusimama."

Kwenye mstari wa juu kaka alikata wanne, akaandika watano, na jina la mtoto. Kanisani alisoma vizuri mpaka alipofika kwenye jina lile. Akalitaja, kisha akalitaja tena kwa sauti ya chini. Watu wakageuka kutazamana. Wazee wawili wa mbele waliinamisha vichwa, nikajua walikuwa wanakumbuka.

Baada ya kuzika, kaka alimwomba mama mdogo atuonyeshe mahali. Tulitembea watatu hadi kwenye shamba la mtu, palipokuwa na mahema zamani, mahindi yakiwa yametufika mabegani. Mama mdogo akasimama, akageuka, akarudi nyuma hatua chache, akasimama tena.

"Palikuwa na mti," akasema. "Ni hapa. Au pale mbele. Sijui tena, mwanangu."

Alianza kulia, nikamshika mkono. Kaka alivua kofia, akasimama katikati ya mahindi, na alikuwa bado amesimama pale tulipoitwa kwenda kula.