Shikamoo Juu ya Kiti

Jumanne nilikuwa katika ofisi moja hapa Tabora, nikisubiri karani apige simu kwenye shule moja ya upande wa Isikizya. Alitakiwa kuuliza kama nafasi ya binti yangu bado ipo, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Simu yenyewe ni ile ya mezani isiyo na waya. Karani aliitoa laini, akaifuta kwenye shati, akairudisha. Akazungusha antena. Mtandao hakuna. Mwishowe akapanda juu ya kiti, akainua simu nzima dirishani kama anayeanika kanga, na ikaita.

"Shikamoo mama. Za nyumbani? Mzee hajambo? Mvua huko..."

Ikakatika. Akapiga tena, akaanza salamu upya. Mara ya tatu walikuwa wamefika kwenye habari za karanga shambani.

"Kaka, uliza nafasi kwanza," nikamwambia.

"Mama, yule anayepokea simu shuleni ni mtu mzima. Nitaanzaje na shida?"

Foleni nzima ilikuwa inacheka, na mimi nimo. Mara ya nne nikapanda kiti cha pili, nikamnyang'anya mkonga wa simu.

"Ile nafasi ya kidato cha pili bado ipo?"

Sauti ya bibi ikasema polepole, "Ipo, mlete. Lakini wewe mama, umelelewa wapi?"

Ikakatika kabla sijajibu.

Nimelelewa Cheyo, hapa hapa Tabora, na adabu ninazo. Salamu zake zote nitampelekea siku ya kumripotisha binti shuleni, ana kwa ana, hadi aombe kupumzika.